Umeme wa moyo unaopapatika: jinsi tunavyousoma

Shika kifundo cha mkono cha mtu mwenye mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo: hutaweza kubashiri pigo lijalo. Mawili yanafuatana mbio, la tatu linachelewa, jingine halifiki mkononi kabisa.

Tatizo ni umeme. Kwa kawaida cheche huanzia sehemu moja, sehemu ya juu ya chumba cha juu cha upande wa kulia, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Mpapatiko ukianza, vyumba vya juu hupata cheche 350 hadi 600 kwa dakika, vikashindwa kusukuma, vikabaki kutetemeka tu. Damu huzubaa humo na kuganda, hasa kwenye kijifuko cha upande wa kushoto. Bonge likichomoka likafika ubongoni, ni kiharusi.

ECG ya kifuani, yaani mchoro wa umeme wa moyo, huutambua mpapatiko: kale kawimbi kadogo kanakotangulia kila pigo huwa kametoweka. Isichotuambia ni cheche zinatoka wapi. Mwaka 1998, Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, waliwapima wagonjwa 45 kutokea ndani ya moyo. Kati ya vyanzo 69 walivyovikuta, asilimia 94 vilikuwa kwenye mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni.

Nasi madaktari tunaoutibu mpapatiko hufuata njia hiyohiyo, ili tuchome panapotoka cheche. Katheta, mrija mwembamba, huingizwa kwenye mshipa wa kinena, hupanda hadi moyoni, kisha hupenyezwa upande wa kushoto. Elektrodi, vipande vya chuma vinavyonasa umeme, zilizo nchani mwake huleta mistari kwenye skrini, na kompyuta huchora ramani. Penye chini ya milivolti 0.5 mara nyingi tunashuku kovu.

Ugumu ni kwamba elektrodi husikia hata majirani. Mawimbi ya vyumba jirani, hasa vile vya chini vyenye misuli minene, hujitokeza hata ukiwa mdomoni mwa mshipa wa mapafu. Wimbi la mbali huwa pana na butu. La palepale ni jembamba, kali kama sindano. Ukiyachanganya, utachoma pasipohusika.

Zamani wengi wetu tuliamini kuwa kila penye mawimbi yaliyovunjikavunjika pachomwe pia. Utafiti wa wagonjwa 589 uliochapishwa 2015 haukuona faida ya nyongeza hiyo kwa wenye mpapatiko usiokoma wenyewe. Afadhali, maana kila tunapochoma tunaacha kovu.

Siku hizi, kwa wengi, tunazungushia midomo ya mishipa hiyo duara la makovu, kwa joto, baridi kali au mipigo ya umeme. Kisha tunatazama skrini: zile sindano zinachelewa, zinachelewa zaidi, zinanyamaza. Mara mojamoja mshipa huendelea kupapatika peke yake humo ndani, huku moyo nje ya duara ukipiga taratibu.

Dawa ya kuzuia damu kuganda haiachwi siku ya kuchoma. Huendelea angalau miezi 2, na baada ya hapo daktari huamua kwa kuangalia hatari ya kiharusi aliyonayo mgonjwa, hata kama mapigo yametulia.