Uzi wa operesheni ukiisha mwilini unaenda wapi?

Swali: Mke wangu kajifungua kwa operesheni juzi, tumerudi nyumbani Likoni, nesi kasema nyuzi za ndani hazitolewi zitayeyuka zenyewe. Si ni plastiki hizo jamani?

Jibu: Hongereni kwanza! Ni plastiki ndio, polima, yani kama mkufu mrefu wa shanga zilizoshikana. Lakini haziyeyuki kama sukari kwenye chai, hapo ndo watu huchanganyikiwa. Kazi inafanywa na maji, haya haya yaliyojaa mwilini, yanaingia kwenye uzi yanakata pale shanga zinaposhikana, leo hapa kesho pale, mpaka zinabaki asidi ndogo ndogo kama ile ya laktiki ambayo misuli yako hutoa ukikimbilia feri, alafu mwili unazichoma kama chakula, zinatoka kama maji na kabonidayoksaidi. Yani sehemu ya uzi mkeo ataipumua tu nje, nyingine itatoka na mkojo, wala hatajua.

Swali: Na kidonda kisipopona mapema?

Jibu: Uzi wa poliglaktini, unaotumika sana, wiki 2 bado una kama robo tatu ya nguvu zake, wiki 3 nusu, na kuisha kabisa ni siku 56 mpaka 70. Nyama inashikana huku uzi unalegea. Ila mitungi ya maji asibebe sahii, bebeni nyinyi.

Swali: Za nje walizomshona dadangu mguuni mbona zilitolewa?

Jibu: Hizo mara nyingi ni nailoni, ndugu yake mshipi wa kuvulia. Ikiachwa ndani hupoteza nguvu asilimia 15 hadi 20 kwa mwaka, nani atangoja?

Swali: Kijiti cha kupanga uzazi mkononi nacho chaisha chenyewe?

Jibu: Hapana! Hii nimeisikia mpaka nimechoka. Kinachoisha ni dawa. Kijiti chenyewe ni plastiki nyingine ama silikoni, maji hayawezi kukata mkufu wake, kitakaa hapo hapo miaka na miaka. Muda ukifika aende kituo cha afya kitolewe, na akitaka awekewe kingine siku hiyo hiyo.

Swali: Kauzi kakichomoza kwenye kovu nikavute?

Jibu: Usivute, na usikate na wembe wa nyumbani. Mwonyeshe nesi. Na kukiwa na usaha, homa ama wekundu unaosambaa, usingoje kliniki ya wiki ijayo, nendeni leo.