Je, wajua kwa nini wapenzi wa vyura hukutana mtandaoni kila mwezi?

Mwambie jirani yako wa Kisumu kwamba jioni ya leo una kikao cha vyura mtandaoni, naye atakuuliza swali la haki kabisa: vyura si hao hapo nje wanapiga kelele mtaroni, sasa mnakutana kwenye simu kufanya nini? Jibu lipo, ila linaanzia mbali kidogo, katika mji wa Canterbury nchini Uingereza, Septemba 1989.

Wataalamu wa amfibia, yaani vyura na jamaa zao, na wa wanyama watambaao walikuwa wamekusanyika huko kwa kongamano lao la kwanza la dunia. Hawakwenda kutangaza msiba. Lakini katika mazungumzo ya pembeni, watu waliotoka mabara mbalimbali walijikuta wanasimuliana jambo lilelile: vyura niliozoea kuwaona, siwaoni tena. Huko Costa Rica, kwenye milima ya Monteverde, chura wa dhahabu alikuwa amehesabiwa mwaka 1987 akikusanyika kuzaliana kwa idadi iliyozidi 1,500. Mwaka 1988, katika eneo lao kuu la kuzalia, alijitokeza mmoja tu. Mwaka 1989 mmoja tena, kisha basi. Australia nako, chura wa ajabu aliyekuwa akilea watoto wake ndani ya tumbo, aliyetambuliwa na sayansi mwaka 1973, alikuwa ameshatoweka porini mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na maelezo yake. Labda mvua ilichelewa. Labda kijito kile kimechafuliwa. Labda nimefika wiki isiyo yake. Ni pale walipoyaweka maelezo hayo pamoja ndipo ilipobainika kwamba vyura wanapungua sehemu nyingi za dunia kwa wakati mmoja, hata ndani ya misitu ambayo hakuna aliyeikata. Habari kubwa kuliko zote kuhusu vyura ilipatikana kwa watu kuzungumza. Hakuna aliyeweza kuipata peke yake kwenye dimbwi lake, hata awe hodari namna gani.

Na sababu ni kwamba idadi ya vyura hupanda na kushuka kupita kiasi hata pale ambapo hakuna tatizo lolote. Kule South Carolina, Marekani, watafiti walianza mwaka 1978 kuhesabu kila amfibia aliyeingia na kutoka katika kinamasi kiitwacho Rainbow Bay. Mwaka 1991 walichapisha matokeo ya miaka 12: kuna miaka jike wa spishi fulani walikuja kuzaa kwa wingi mno, na kuna miaka hawakuja kabisa, kulingana na mvua. Mtu aliyetembelea mahali hapo miaka miwili mfululizo angeweza kurudi nyumbani akilia kwamba vyura wamekwisha, au akishangilia kwamba wameongezeka, na mara zote mbili akawa amekosea. Ili kuujua ukweli unahitaji miaka mingi, au madimbwi mengi kwa pamoja, na bora zaidi vyote viwili. Wengi wetu tuna simu, kazi za kutwa na dimbwi moja karibu na nyumbani. Madimbwi mengine yako kwa wenzetu.

Tuje sasa kwetu magharibi. Msitu wa Kakamega ni kipande cha mwisho nchini Kenya cha ule msitu wa mvua ulioanzia Kongo na Afrika Magharibi, na vyura wake bado wanatushangaza. Mwaka 2006 chura wa mitini aitwaye Leptopelis mackayi alielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza kutoka misitu ya magharibi ya Kenya, na miongoni mwa waliomweleza ni mtafiti Mkenya, Beryl Bwong. Miaka minne baadaye akafuata kijichura cha kahawia kilichopewa jina Phrynobatrachus kakamikro, yaani mdogo wa Kakamega. Kilikuwa kimejificha machoni pa watu miaka yote hiyo kwa kuwa kinafanana mno na vijichura vingine vya kahawia.

Upande wa pili wa hesabu unatia uchungu. Juu ya Mlima Elgon, upande wa Kenya, kwenye Mto Koitobos, aliishi chura wa maji ya kasi anayeitwa kwa jina la Du Toit. Hajulikani kutoka mahali pengine popote duniani. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa mwaka 1962. Watafiti wamekwenda kumtafuta baadaye na hawakumpata, na leo anatajwa kuwa katika hatari kubwa kabisa, huenda ameshatoweka. Jambo linaloniuma ni kwamba hatujui alianza kupungua mwaka gani. Chura wa kwetu, katika mto wa kwetu, na wakati wa kuondoka kwake haukuandikwa popote.

Kwa mtu wa Kisumu au Busia anayeona haya ni mambo ya watu wenye nafasi, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu Costa Rica na Panama. Ulionyesha kwamba maeneo yaliyopoteza vyura yalipata ongezeko la malaria kwa miaka kadhaa iliyofuata. Viluwiluwi na vyura wana nafasi yao katika kuwapunguza mbu na mabuu yao. Sisemi kwamba kila dimbwi la Nyando litafanya vivyo hivyo, maana hizo ni nchi nyingine na mbu wengine. Lakini ukanda wa ziwa ndio wenye malaria nyingi kuliko kwingine Kenya, na sioni kwa nini tungoje tujaribiwe.

Lakini kwa nini mtandaoni? Kwa nini wapenzi hao wasipande matatu wakakutana Kakamega, wakavaa gambuti na kuingia mtoni pamoja? Nauli ni sababu moja, na ni ya kweli. Ipo nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Mwaka 1998 watafiti wa Australia, Marekani na Uingereza, wakilinganisha vyura waliokufa Australia na waliokufa Panama, walikuta ngozi zao zimeshambuliwa na kuvu ileile. Ni kitridi, ambayo jina lake kamili ni Batrachochytrium dendrobatidis. Chura hunywa maji kwa ngozi, hupumua kwa ngozi, na hupitisha kwenye ngozi chumvi ambazo damu yake inazihitaji. Kuvu ikiivuruga ngozi, chumvi hizo hushuka, na mwishowe moyo husimama. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilisema kitridi imechangia kupungua kwa spishi zisizopungua 501, na kati ya hizo 90 zinadhaniwa kuwa zimekwisha kabisa. Hapa Kenya imeshakutwa sehemu nyingi.

Kuvu hii husafiri kwenye maji na matope. Husafiri kwenye nyavu zenye unyevu, kwenye ndoo, kwenye soli za gambuti. Ukiwachukua watu ishirini wenye mapenzi mema, kila mmoja akitoka kwenye dimbwi lake la Njoro, Ahero au Kitale, ukawaingiza wote katika kijito kimoja siku moja, unaweza kukifanyia kijito hicho ubaya mkubwa kuliko adui yeyote. Watafiti makini husafisha viatu na vifaa kwa dawa na kuvikausha kabisa kabla ya kubadilisha eneo. Safari za pamoja zina nafasi yake, nami nazipenda, ila zisiwe ndizo njia ya kawaida ya kuonana. Sauti iliyotumwa kwa simu haibebi tope.

Mfano wa faida ya kuwasiliana mbali tunao kwa majirani. Chura wa Kihansi wa Tanzania, mdogo, wa manjano, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, aligunduliwa mwaka 1996 kando ya maporomoko ya mto mmoja tu. Bwawa la umeme lilipopunguza maji, manyunyu aliyoyategemea yakapungua. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 walipelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, wakafugwa huko na baadaye Toledo pia. Mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Mwaka uliofuata vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakaanza kurejeshwa bondeni kwao. Kazi hiyo iliwadai watu wa mabara mawili kuwasiliana bila kukatika kwa miaka mingi.

Kikao chenyewe huendaje? Kilicho bora huanza na sauti. Anayeongoza anacheza rekodi ya nusu dakika bila kusema imetoka wapi, na watu wanasikiliza. Kwanza upepo kwenye mafunjo, pikipiki inapita mbali, mtu anamwita mtoto. Kisha mluzi mfupi mkali, mwingine unaujibu, na ghafla ni mamia yao wanaingiliana hadi spika ya simu inatetema. Hao ni Hyperolius viridiflavus, vyura wadogo wa matete, ambao rangi zao hubadilika mno kutoka eneo moja hadi jingine hata macho yakakupoteza. Ukirekodi kwenye nyasi zilizotuama maji unaweza kupata kitu tofauti: “kwoip” moja, kimya, halafu “kwoip” nyingine kutoka upande wa pili. Huyo ni Kassina senegalensis, ambaye hupenda kutembea na kukimbia kuliko kuruka. Karibu kila spishi ina wito wake, na kwa kawaida dume ndiye anayeita. Kwa hiyo sikio lililofundishwa linawatambua vyura ambao tochi haitawaona.

Hapa kuna jambo dogo la kiufundi linaloharibu vikao vingi. Programu za mikutano ya video zimetengenezwa zisafirishe maneno ya mtu na kuzima makelele mengine, na kwao wito wa chura ni makelele. Ukiishika simu yako karibu na kompyuta ili wenzako wasikie, wataona midomo yako inacheza na wasisikie chura hata mmoja. Dawa yake ni kucheza faili kutoka ndani ya kompyuta na kushiriki sauti yake moja kwa moja, au kuzima kile kipengele cha kupunguza kelele. Vilevile rekodi ikitumwa WhatsApp, itumwe kama dokumenti, kwa sababu ujumbe wa sauti hubanwa na baadhi ya milio ya juu hupotea. Na kabla ya kurekodi, zima tochi, simama tuli dakika chache. Vyura hunyamaza ukikaribia, na hurudia kuita wakishakuzoea. Taja mahali, saa, na kama mvua imenyesha siku hiyo.

Baada ya sauti ndipo mabishano yanapoanza, na mabishano hayo ndiyo darasa. Mwanafunzi wa Egerton anasema ni spishi hii, mwongoza watalii wa Kakamega anasema hapana, sikiliza mapumziko kati ya mlio na mlio. Mtafiti wa makumbusho akiwepo, atawaomba picha ya vidole vya mguu. Rekodi isiyopata jibu huhifadhiwa hivyohivyo, na alama ya kuuliza. Australia wamelipeleka jambo hili mbali: tangu 2017 makumbusho yao yanaendesha programu ya simu iitwayo FrogID, ambapo raia wa kawaida hutuma sauti na wataalamu huzitambua, na wamekusanya rekodi kwa mamia ya maelfu.

Kuhusu ule utaratibu wa kila mwezi, mtu yeyote aliyewahi kuwa kwenye chama anaelewa. Chama kinachokutana mtu akijisikia hufa, na kile chenye tarehe yake huishi hata mwezi ambao hakuna jipya. Mwezi usio na jipya ndio muhimu zaidi hapa. Mtu wa Dunga akisema, “Nimesikiliza jioni tatu mwezi huu, baada ya mvua, na wale wa mluzi hawakuita,” hiyo ni taarifa kamili na inapaswa kuandikwa na tarehe yake. Watu wengi huona aibu kuja kikaoni mikono mitupu, kwa hiyo sifuri hazifiki, na orodha iliyojaa vyura waliosikika tu haiwezi kamwe kuonyesha kwamba kuna aliyenyamaza. Mwenyekiti mzuri huanza kwa kuuliza nani hakusikia kitu.

Saa ya kikao nayo ina maana. Kuanzia saa moja usiku vyura wako kazini, na wapenzi wao wanapaswa kuwa nje. Kwa hiyo Jumapili saa kumi jioni inafaa kuliko saa tatu usiku. Kikao cha muda wa saa moja kinatosha, kwa kuwa bando la watu halina huruma, na video zinaweza kuzimwa bila kupoteza chochote.

Tahadhari moja ni ya lazima. Vyura adimu huwindwa na wafanyabiashara wa wanyama wa kufugwa, na kijito kimoja kikitajwa kwa jina mbele ya watu mia wasiofahamiana, siri imekwisha. Katika kikao cha wazi taja kaunti na aina ya mazingira, basi. Mahali halisi paandikwe kwenye rekodi inayokwenda Makumbusho ya Taifa ya Kenya, au kwenye iNaturalist, tovuti ambapo watu huweka kumbukumbu za viumbe walivyoviona, ambayo huficha yenyewe eneo kamili la spishi zilizo hatarini. Anayetaka kuanzisha kikao kaunti yake aanze mwezi Machi, mvua za masika zinapokaribia, akiwa na watu wanne au watano wanaoishi karibu na maji tofauti.