Mirija ya seli maabarani: yanayosemwa na yalivyo

“Mikrotubuli, yaani mirija myembamba ya protini iliyo kiunzi cha seli, hujengwa kipande kwa kipande, kama fundi apangavyo matofali.”

Hakuna mkono wala koleo la kushika tofali dogo hivyo. Kila tofali, yaani jozi ya protini ziitwazo tubulini alfa na beta, lina urefu wa nanomita 8, na mrija wenyewe una kipenyo cha nanomita 25 tu. Kazi ya mtafiti ni kuandaa mazingira: tubulini, GTP (molekuli inayobeba nishati) na magnesiamu kwenye tone la maji, joto la nyuzi 37, na mirija inaota yenyewe. Rudisha kichupa kwenye barafu, mirija inasambaratika. Richard Weisenberg aliiotesha nje ya seli mwaka 1972, akitumia ubongo wa panya, baada ya kuizuia kalsiamu iliyokuwa ikiivunja.

“Siku hizi protini yoyote unaiagiza kwa bakteria.”

Ingekuwa hivyo, watu wasingefuata tubulini kwenye ubongo wa nguruwe na ng'ombe machinjioni na kuukimbiza maabara ukiwa kwenye barafu. Tubulini ya wanyama haijikunji sawasawa kupata umbo lake ndani ya bakteria E. koli, kwa kuwa bakteria huyo hana protini saidizi za kuikunja. Siku hizi tubulini ya binadamu hutengenezwa kwenye seli za wadudu.

“Ni kiunzi cha seli, kwa hiyo kikisimama kimesimama.”

Jina ndilo linalopotosha. Mwaka 1984 Tim Mitchison na Marc Kirschner walionyesha kwamba ndani ya tone lilelile mirija mingine hurefuka huku jirani zake zikiporomoka. Paklitaksel, dawa ya saratani, huigandisha. Seli ikishindwa kuibomoa na kuipanga upya, haigawanyiki vizuri.

“Basi wanaumba uhai.” La. Tone hilo halili, halizai.

“Ukitaka umbo jipya, badilisha mrija.”

Hapa ndipo utamu ulipo, maana mara nyingi mrija hauguswi. Wanaohandisiwa ni wavutaji wake. Kinesini ni protini inayotembea juu ya mrija kwa hatua za nanomita 8, tofali kwa tofali, na sehemu yake inayotembea bakteria huitengeneza bila shida. Mwaka 1997 François Nédélec na wenzake waliziunganisha kinesini katika mafungu, kila fungu likaweza kushika mirija kadhaa na kuivuta pamoja. Chini ya hadubini yakatokea maumbo ya nyota na vimbunga.

Watafiti wa Caltech, chuo kikuu cha teknolojia cha California, Marekani, mwaka 2019, walikwenda mbali zaidi. Kinesini moja waliibandika kipande cha protini ya mmea wa oti, uleule wa uji, kinachohisi mwanga wa buluu; nyingine wakaibandika mwenzi wake kutoka kwa bakteria. Mulika duara la mwanga, wawili hao wanashikana na mirija inajikusanya kuwa nyota. Sogeza duara, nyota inafuata. Zima taa, wanaachana, na nyota inatawanyika.