Unasoma hesabu za fedha? Basi niambie hisa ipi itapanda

Swali hilo nimeulizwa na ndugu, na majirani, hata na daktari aliyekuwa akining'oa jino. Jibu langu halijabadilika tangu nikiwa mwaka wa pili chuoni: sijui. Wengine huguna, kana kwamba ada yangu ilipotea bure. Lakini shahada ya hesabu za fedha haikufundishi kutabiri bei ya kesho. Inakufundisha jambo ambalo mimi naliona la ajabu zaidi, nalo ni kukipangia bei kitu ambacho hujui kitaishia wapi, na bei hiyo ikasimama bila wewe kubahatisha.

Maneno matupu hapa hayasaidii, tufanye hesabu. Chukua hisa ambayo leo inauzwa kwa 100. Tuseme mwezi ujao itakuwa 130 au 90, hakuna njia ya tatu. Mtu anakuja kununua kwako opsheni, yaani mkataba unaompa haki, si wajibu, ya kuinunua hisa hiyo mwezi ujao kwa 100. Ikifika 130, utamlipa tofauti ya 30. Ikishuka hadi 90, atauchana mkataba wake na wewe hudaiwi kitu. Utamuuzia kwa bei gani?

Darasa letu zima lilikimbilia uwezekano. Mmoja akasema: mimi naamini hisa hii ina asilimia 90 ya kupanda, kwa hiyo mkataba una thamani ya 27. Mhadhiri akaandika 7.5 ubaoni, akanyamaza.

Aliipata hivi. Unakopa 67.5 (riba tuiweke kando), unaongeza ile 7.5 aliyokulipa mteja, unapata 75, unanunua robo tatu ya hisa. Bei ikipanda, robo tatu yako ina thamani ya 97.5. Unalipa mkopo, inabaki 30, na ndiyo hiyo unayomkabidhi mteja. Bei ikishuka, robo tatu yako ina thamani ya 67.5. Unalipa mkopo, hubaki na kitu, na mteja naye hana anachodai. Uwezekano wa kupanda haukuingia popote. Ukimpata mtu wa kukulipa 27, basi 19.5 ni yako, hisa ipande isipande.

Nilitoka darasani nimeudhika. Ilinichukua siku kadhaa kukubali kwamba swali "unadhani itapanda?" lilikuwa limeondolewa mezani, na mahali pake pamekaa swali jingine: itanigharimu kiasi gani kujikinga? Ukiniuliza ujuzi mmoja niliotoka nao chuoni, nitautaja huo. Sasa hata mtu akinipa dili ambalo halihusiani na hisa, kabla ya kujiuliza kama litafanikiwa, naanza kuangalia nikitaka kujikinga nalo nitalipa nini, na nani atakubali kunikinga.

Hisa halisi, bila shaka, haina bei mbili tu. Kwa hiyo mwezi unakatwa kuwa siku, siku kuwa dakika, mpaka hatua zinakuwa ndogo kiasi kwamba bei inayumbayumba muda wote. Hapo ndipo mlinganyo wa kupangia opsheni bei, ulioandikwa na wasomi Fischer Black na Myron Scholes mwaka 1973, unapopatikana, na Robert Merton aliifanyia kazi njia hiyo hiyo. Lakini wazo la kuieleza bei kwa mwendo wa kubahatisha ni la zamani zaidi. Louis Bachelier aliliandika katika tasnifu yake mjini Paris mwaka 1900, miaka mitano kabla ya Einstein kutumia hesabu za namna hiyo kueleza chembe zinazotikisika ndani ya maji. Mjapani Kiyosi Itô ndiye aliyekuja kuujengea mwendo huo kalkulasi yake, yaani hesabu za mabadiliko madogo madogo, katika miaka ya 1940. Ndiyo maana wanafunzi wa fani hii hujikuta wakithibitisha nadharia za uwezekano usiku kucha huku wakijiuliza fedha ziko wapi. Ziko mbele kidogo. Vumilieni.

Programu ni lazima, na hilo halihitaji maelezo marefu: utajifunza lugha ya kompyuta kama Python au R, utaandika, itagoma, utarekebisha. Kinachostahili maelezo ni kosa langu la mwaka wa pili.

Tulipewa kazi ya kuigiza kwa kompyuta mwendo wa hisa ambayo msukosuko wake kwa mwaka, yaani kiasi bei inavyoyumba, ni asilimia 20. Mimi nilihitaji msukosuko wa siku moja. Mwaka una siku za biashara kama 252, nikagawa 20 kwa 252, nikapata takriban asilimia 0.08. Programu ikaenda vizuri, grafu ikatoka safi, na hitimisho langu likasema hatari ya hasara kwa mwezi karibu haipo. Mhadhiri aliitazama kwa sekunde tano. "Umewahi kuona hisa inayolala hivi?"

Nilitakiwa kugawa kwa kipeuo cha pili cha 252, si kwa 252 yenyewe. Misukosuko ya siku mbalimbali haijumlishwi moja kwa moja, kwa sababu siku moja bei inapanda na nyingine inashuka, na sehemu ya mtikisiko inajifuta. Kinachojumlishwa ni miraba yake. Ukigawa kwa usahihi unapata takriban asilimia 1.26 kwa siku, karibu mara 16 ya namba yangu. Kompyuta haikunionya, na haitakuonya wewe pia. Tangu hapo sifungui faili la matokeo kabla sijaandika kwenye karatasi namba ninayoitarajia, hata kwa kukadiria tu. Wenzangu kazini hunicheka kwa karatasi hizo, ila wanapokwama huja kuziomba.

Kuna somo ambalo halina mtihani lakini kila mhitimu lazima alijue. Mwaka 1997 Merton na Scholes walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi (Black alikuwa amefariki mwaka 1995). Wote wawili walikuwa washirika katika mfuko wa uwekezaji ulioitwa Long-Term Capital Management. Agosti 1998 Urusi ikasitisha kulipa sehemu ya madeni yake, masoko yakaenda mrama, na mfuko ule, uliokuwa umekopa mara nyingi zaidi ya mtaji wake, ukapoteza zaidi ya dola bilioni 4 ndani ya miezi michache. Mabenki yalilazimika kuuokoa kwa dola bilioni 3.6. Watu husema hesabu zilikosea. Mimi siamini hivyo. Mlinganyo ulijibu sawasawa swali uliloulizwa, lakini ulichukulia kwamba siku zote utampata wa kununua unapotaka kuuza. Rudi kwenye mfano wangu wa 7.5 uone: nao umejengwa juu ya dhana hiyo hiyo, pamoja na ile ya kukopa bila shida. Mwanafunzi mzuri wa fani hii namtambua kwa jinsi anavyoorodhesha dhana zake kabla hujamwomba.

Ujuzi wa mwisho sikuufundishwa darasani vya kutosha, nao ni kuongea na mtu asiyejua hesabu. Katika kazi yangu ya kwanza, kwenye kitengo cha hatari, nilimpelekea meneja ripoti iliyosema kwamba katika siku 99 kati ya 100 hasara yetu haitazidi kiasi fulani. Nilijivunia kipimo kile. Kinatumika duniani kote, na nilikuwa nimekikokotoa kwa njia tatu tofauti zilizokubaliana. Mama yule alisoma ukurasa mmoja, akavua miwani.

"Siku 99 nimeelewa, mwanangu. Hiyo moja iliyobaki tunapoteza kiasi gani?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Kipimo changu kilionyesha mstari, hakikuwa na neno lolote kuhusu kilichoko ng'ambo ya mstari. Na siku ya aina hiyo, kwa hesabu ile ile yangu, ilitarajiwa kutokea mara mbili au tatu kila mwaka. Nikaomba nirudishiwe ripoti. Ile ya pili niliipeleka baada ya wiki mbili, ikiwa na kurasa chache zaidi na swali lake likiwa mstari wa kwanza.