Mizani Huhesabiwa kwa Sikio

Wengi wanaoanza kujifunza ushairi huja na istilahi walizozikariri. Ukiwauliza mizani ni nini, wanajibu vizuri. Ukiwapa mshororo wauhesabu, wanahesabu maneno badala ya silabi. Ndiyo maana napenda kuanza na ubeti wenyewe, usomwe kwa sauti. Huu nimeutunga kwa ajili ya somo hili:

Kalamu nimeishika, naandika ya moyoni,
Usiku umeshafika, taa yawaka mezani,
Maneno yamiminika, kama maji mabondeni,
Usingizi wanicheka, wasubiri mlangoni.

Kila mstari ni mshororo. Ubeti una mishororo minne, kwa hiyo ni tarbia, bahari, yaani aina ya shairi, aliyoimudu sana mshairi Muyaka bin Haji wa Mombasa. Ingekuwa mitatu tungesema tathlitha, mitano, takhmisa. Kipande cha kwanza cha mshororo ni ukwapi, cha pili ni utao.

Sasa piga kofi kwa kila silabi, maana mizani ndiyo hiyo: ka-la-mu-ni-me-i-shi-ka. Nane. Utao nao una nane, jumla 16. Angalia “naandika”: na-a-ndi-ka. Hapo “n” haisimami peke yake. Lakini “mlangoni” ni m-la-ngo-ni, kwa kuwa “m” hiyo hutamkwa kama silabi kamili. Hapa ndipo wengi hukosea, na jicho halitawasaidia; sikio litawasaidia.

Vina ni silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande: “ka” ni kina cha kati, “ni” cha mwisho. Mshororo wa nne ukirudiwa katika kila ubeti huitwa kibwagizo. Ukibadilika, ni kituo.

Mizani zikikataa kutosha, mshairi ana ruhusa. Hufupisha neno, “aliyekuja” likawa “alokuja”. Hiyo ni inkisari. Akilirefusha, ni mazida. Ruhusa hii itumike kwa haja tu, kwani shairi lililojaa maneno yaliyokatwakatwa huchosha msomaji.

Lakini ubeti wenye hesabu kamili unaweza kuwa mkavu kabisa. Rudi kwenye mshororo wa tatu: “kama maji mabondeni” ni tashbihi, kwa sababu ya kiunganishi “kama”. Ningesema “maneno ni maji”, ingekuwa sitiari. Katika mshororo wa nne usingizi unacheka na kusubiri kama mtu. Hiyo ni tashihisi, na kwangu ndiyo inayoupa ubeti huu uhai.

Utenzi una utaratibu wake: mizani nane kwa mshororo, mishororo mitatu ya kwanza yenye kina kimoja, na kina cha wa nne hurudi katika kila ubeti hadi wa mwisho. Wepesi huo ndio unaobeba visa virefu.

Mashairi huru hayafungwi na vina wala mizani. Hata hivyo, yasome nayo kwa sauti, usikilize mshairi amekata mstari wapi, na neno gani amelirudia.