Hatuuchomi moyo, twachoma kinachouchosha

Juzi tena, katika kliniki yangu Lamu, kijana aliyemleta babake kaniuliza: “Daktari, moyo wenyewe umeshadhoofika, nanyi mwataka kuuchoma?” Alimaanisha ablesheni, yaani kuchoma kwa mrija sehemu ndogo ya moyo inayozusha mapigo ya mbio. Nimeshalisikia mno swali hili. Linaniuma, maana mgonjwa wa namna hii huenda ndiye ambaye moyo wake ungerudia nguvu zake.

Punda akibebeshwa mawe tangu alfajiri hadi usiku, siku baada ya siku, ataanguka ingawa mifupa yake ni mizima. Moyo unaopiga mara 130 kwa dakika kwa miezi nao huchoka ukatanuka. Huu si sawa na ule ulioharibiwa na mishipa kuziba.

Katheta, ndio huo mrija mwembamba, hupitia mshipa wa kinenani. Katika fibrilesheni ya vyumba vya juu, yaani vyumba hivyo vya moyo kutetemeka ovyo, twachoma mduara mwembamba pale mishipa ya kutoka mapafuni inapoingia chumba cha juu cha kushoto. Madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha mwaka 1998 kwamba vichocheo vingi vya mtetemeko huo huanzia humo. Chumba kikuu kinachosukuma damu mwilini hakichomwi. Hatari zipo: kuvuja damu, damu kujaa kwenye mfuko wa moyo, kiharusi.

Kinachonikera zaidi ni ripoti ya eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, kusomwa kama hukumu. “Asilimia 30, basi tena.” Ndiyo sehemu ya damu ambayo chumba kikuu husukuma nje kwa kila pigo. Mapigo yalikuwa mangapi wakati wa kipimo? Hakuna aliyeandika! Moyo unaokimbia ovyo haupimiki vizuri. Na je, udhaifu ndio ulioleta mbio, au mbio ndizo zilizoleta udhaifu? Mara nyingi sijui. MRI, picha ya sumaku, isipoonyesha kovu kwenye moyo, matumaini yangu huongezeka, lakini uhakika huja baadaye, miezi 3 hadi 6 baada ya mapigo kutulia, 30 ikiwa imepanda kufika 50.

Katika utafiti wa CASTLE-AF wa 2018, wagonjwa 363 wenye fibrilesheni na moyo dhaifu, asilimia 28.5 ya waliofanyiwa ablesheni walifariki au walilazwa kwa moyo kushindwa. Kwa wenzao wa dawa ilikuwa 44.6. Ila hao walichaguliwa, na wote walikuwa na kifaa cha kushtua moyo. Sithubutu kumwahidi mzee wangu takwimu hizo.

Nimemwandikia dawa za kupunguza mbio na za kuzuia damu kuganda. Kijana nimemfundisha kuhesabu mapigo dakika nzima, si robo dakika kisha azidishe. Tutarudia eko moyo ukishatulia, ndipo tuzungumze safari ya Nairobi kwa ablesheni.