Unga wa kauri wenye vinyweleo: mfupa unavyotengenezewa kiraka

Mfupa wa taya ukilika baada ya jino kung'olewa, daktari anaweza kujaza pengo kwa chembechembe nyeupe, ngumu, zinazofanana na chumvi ya mawe. Wakati mwingine hiyo ni kauri iitwayo haidroksiapatiti, madini ya kalsiamu na fosfati yanayokaribiana sana na yale yanayoupa mfupa wetu ugumu.

Kanuni yake ni nyepesi. Chokaa iliyozimwa hukorogwa kwenye maji, kisha asidi ya fosfori hutiwa tone kwa tone, na unga mwororo mweupe unajitenga. Shughuli iko kwenye pH, yaani kipimo cha uasidi. Ikishuka chini ya 9 hivi, unga hupungukiwa kalsiamu, ndiyo maana wa maabara huongeza amonia. Uwiano unaotafutwa ni atomu 10 za kalsiamu kwa 6 za fosforasi. Ukikosewa, sehemu ya unga hugeuka tanurini ikawa fosfati nyingine, inayoyeyuka mwilini haraka zaidi. Wapo wanaoitaka makusudi, lakini kuipata bila kuipanga ni hasara.

Halafu vinyweleo, yaani vitundu vya ndani ya kauri, na hapa ndipo penye kazi hasa. Vile vidogo, vya chini ya mikromita 10 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), hupitisha majimaji ya mwili na kuzipa protini mahali pa kushika. Vikubwa, kuanzia mikromita 100, ni njia ya seli, na mishipa ya damu hupenda vya 300 na zaidi. Ili kuvipata, unga huchanganywa na kitu kinachoungua, kama wanga au vishanga vya plastiki, ukashindiliwa, ukachomwa. Kilichoungua huacha tundu. Moto upandishwe polepole, maana gesi ikitoka kwa pupa kipande hupasuka. Baadaye hufikishwa nyuzi 1,100 hadi 1,250 za Selsiasi chembe zishikane, na moto ukizidi, vinyweleo vidogo huziba.

Mwaka 1974, watafiti Roy na Linnehan wa Marekani walipita njia ya mkato niipendayo kuliko zote: walichukua matumbawe, yenye vitundu tayari, wakayaweka kwenye myeyusho wa fosfati wenye joto na shinikizo. Kaboneti ya kalsiamu inayounda matumbawe ikageuka haidroksiapatiti, vitundu vikabaki vilevile.

Ila kila kinyweleo hupunguza nguvu. Kauri hii huvunjika upesi, kwa hiyo kwenye mfupa wa paja haiachwi ibebe uzito peke yake. Hufungwa pamoja na chuma mpaka mfupa mpya uote ndani yake.